Zita na Oteo la Baba

Kila siku akitoka shule, Zita alivua sare, akala makande yaliyobaki mchana, kisha akachukua ndoo kwenda ziwa Basotu kuteka maji. Njia ilipita kando ya shamba la ngano la serikali, ambalo lilikuwa kubwa kiasi kwamba ukisimama mwanzo wake huoni mwisho. Mwezi ule wa tisa mavuno yalikuwa yamekwisha. Kombaini zilikuwa zimerudishwa karakana, na shambani yalibaki mabua makavu na punje zilizomwagika. Jioni wanyama walitoka porini kuja kula hapo. Walikuja kanga, ngiri, na swala.

Zita alikuwa na miaka kumi na miwili. Alizoea kucheza njiani na wenzake, lakini mwezi ule hakucheza. Alikuwa na haraka ya kurudi nyumbani kwa sababu ya mama yake.

Mama Philomena alikuwa amerudi kutoka hospitali na mtoto mchanga, Basili. Mtoto alikuwa mzima, na kilio chake kilisikika hadi kwa majirani. Mama ndiye aliyekuwa na shida. Alijifungua kwa taabu na damu ilimpungua. Akiinuka kitandani alishika ukuta kwanza, akasubiri, ndipo akapiga hatua. Muuguzi alikuwa amemwambia baba yake Zita, "Ale maharage, ale mboga za majani, na mkipata nyama, apate nyama."

Maharage yalikuwepo na mboga zilikuwepo. Nyama ndiyo haikuwepo. Kuku wote walikuwa wamekufa kwa ugonjwa wa kideri, na ng'ombe mmoja waliyebaki naye ndiye aliyewapa maziwa.

Basi baba, Theodory, alishusha gobore lake kutoka juu ya mlango. Wakati wa mavuno alibeba magunia ya ngano kama wanaume wengine, lakini watu wa Basotu walimjua zaidi kwa uwindaji. Alikwenda Katesh kwa Bwana Nyama, afisa wa wanyamapori, akapewa kibali cha swala wawili. Kibali hicho kingekwisha siku ya mwisho ya mwezi wa tisa.

Jumamosi ya kwanza baba alimchukua Zita hadi kwenye kichaka cha migunga kilichopakana na shamba. Ndani ya kichaka kulikuwa na nafasi ndogo ya mtu mmoja kukaa, imezibwa mbele kwa matawi.

"Hili ni oteo langu," alinong'ona baba. "Ninakaa humu, ninasubiri, swala wanapita pale mbele. Unaona njia yao?"

Zita aliona alama za kwato kwenye vumbi, ndogo na zilizochongoka, zikielekea shambani. Alifurahi sana. Baba alimwonyesha zipi ni za jana na zipi ni za asubuhi ile.

Jioni baba alirudi peke yake kuotea. Alikuja nyumbani mikono mitupu, lakini uso wake ulikuwa na furaha.

"Amekuja jike na mtoto wake," alimwambia mama. "Yule simpigi. Madume wako nyuma yake. Sasa nitapaacha pale mpaka Jumamosi ijayo."

"Kwa nini usiende kesho, baba?" Zita aliuliza.

"Pale pakikanyagwa kila siku, swala watapahama," alijibu baba. "Na wewe usiende, Zita. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

Zita alikuwa amesikia kweli. Lakini Jumatatu, akitoka ziwani, alikiona kile kichaka, akamkumbuka mama akishika ukuta. Akaweka ndoo chini. Alitaka tu kujua kama madume wamepita. Aliingia kwa upande wa njia kuu, akatembea juu ya njia ya swala akiwa ameinama, na akaziona alama mpya tatu za kwato! Moyo ulimdunda kwa furaha. Jumanne alienda tena. Jumatano alikaa palepale, akatafuna hindi la kuchoma, akahesabu alama. Alhamisi alama zilikuwa chache. Ijumaa hakuona hata moja mpya, akadhani upepo umezifuta.

Jumamosi baba alikaa kwenye oteo hadi giza likaingia. Hakuna kilichotokea.

"Labda wamesikia matrekta," alisema. Aliacha wiki nyingine ipite. Na wiki hiyo nzima Zita alikwenda kila siku, kwa sababu sasa alikuwa na wasiwasi, na kila alipokosa alama alitamani kwenda tena ili azione.

Jumamosi ya tatu baba alikosa tena. Akajaribu Jumapili jioni baada ya ibada, ingawa si kawaida yake kuotea siku mbili mfululizo mahali pamoja. Akakosa. Aliporudi alikaa jikoni kwenye kigoda, akasugua macho kwa viganja.

"Zita," aliita, "unapokwenda maji, umewahi kuona mtu akipita kwenye kile kichaka? Mchungaji, au mtoto yeyote?"

Zita alikuwa anakoroga uji wa mama. Hakugeuka.

"Hapana, baba."

"Basi ni mimi," alisema baba taratibu. "Nimekaa pale siku tatu sijaona hata sikio. Labda wamepita mbele yangu nisiwaone. Macho yamechoka, mama Zita. Kesho nitampelekea jirani yetu Pascal hili gobore. Yeye bado kijana, atumie siku zilizobaki za kibali kama Bwana Nyama ataruhusu."

"Usiseme hivyo," mama alisema kutoka chumbani. "Mimi nitapona hata bila nyama."

"Niliahidi," alijibu baba, na sauti yake ilikuwa ndogo sana.

Zita hakuwahi kumsikia baba yake akisema kwa sauti ile. Baba alikuwa mtu wa kucheka, mtu wa kumwita kutoka mbali kwa mluzi. Sasa alikuwa ameweka gobore magotini na kulifuta kwa kitambaa, polepole, kama mtu anayeaga. Uji ukaanza kuungua. Zita aliushusha jikoni, akasimama mbele ya baba yake, na machozi yakamtoka kabla ya maneno.

"Baba, usimpe Pascal. Macho yako hayana kitu. Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Nilikuwa nakwenda. Kila siku nikitoka maji. Nilitaka nione kama swala wapo, nikuletee habari njema. Na sasa hivi nimekudanganya."

Mtoto Basili alikohoa chumbani, mama akambembeleza. Zita alisubiri kugombezwa. Badala yake baba aliweka gobore pembeni, akavuta pumzi ndefu.

"Kila siku?"

"Kila siku, baba. Nisamehe."

"Nenda ukanawe uso," alisema baba. "Kesho ukitoka shule, tutakwenda wote. Mara ya mwisho kwa siku nyingi."

Kesho yake jua bado likiwa juu, baba alisimama mwanzoni mwa njia ya swala, hatua kumi kutoka kwenye kichaka. Aliinamisha kichwa kidogo tu.

"Hapa ulisimama," alisema. "Ulikuwa unatoka ziwani, maana maji yalimwagika, vumbi limeganda. Pale ulipiga magoti. Na pale mbele, karibu na jiwe, kuna gunzi la hindi."

Zita alikwenda kwenye jiwe. Gunzi lilikuwepo kweli, limefunikwa nusu kwa mchanga.

"Na huo hapo ni unyayo wako wa kushoto," baba aliendelea, bado amesimama palepale. "Kidole kidogo hakigusi chini, tangu ulipojikata na jembe."

"Baba! Unaona yote hayo kutoka huko?"

Baba alizitazama nyayo tena. Kisha akaanza kucheka, kicheko kile chake cha siku zote, akajishika kiuno. "Naona," alisema. "Kumbe naona! Mimi huingia kwa nyuma, upepo ukinipiga usoni, ili nisikanyage njia yao. Ndiyo maana sikuwahi kuziona nyayo zako. Nimekosa wiki mbili, nikaishia kulaumu macho yangu."

Zita alicheka na kulia kwa pamoja. Baba akachuchumaa karibu naye.

"Sikiliza sasa. Swala hajui kwamba wewe ni Zita na una nia njema. Anasikia harufu ya mtu tu. Mara moja anashtuka, anarudi. Mara ya pili anapita mbali. Ya tatu anatafuta malisho mengine. Ndiyo maana nikishakaa hapa jioni moja napaacha wiki nzima, na kama upepo ni mbaya siji kabisa, hata kama nina njaa. Na ninakuwa na mahali pengine pa kwenda wakati hapa panapumzika."

"Sasa itachukua siku ngapi warudi?"

"Umewasumbua sana. Tutawapa mpaka siku ya mwisho ya kibali."

Siku zile kumi na moja zilikuwa ndefu kwa Zita. Alibadilisha njia ya maji, akazunguka kwa upande wa shule ya msingi, ingawa ilikuwa mbali zaidi na ndoo ilimuumiza shingo. Jumamosi baba alijaribu mahali pengine upande wa korongo. Aliwaona swala, lakini walikuwa mbali, hakupiga. Nyumbani Zita alimpikia mama maharage na mboga, akamshika mkono alipotaka kutoka nje kuota jua. Mama alijua yote.

"Bado wanakuuma moyo wale swala?" alimuuliza siku moja.

"Ninaogopa hawatarudi, mama."

"Wanaweza wasirudi," mama alikiri. "Lakini baba yako amerudi. Angalia anavyocheka na huyu mtoto."

Siku ya mwisho ya mwezi ilikuwa Ijumaa. Alasiri baba alirusha vumbi kidogo hewani, akalitazama linakwenda wapi. Upepo ulitoka upande wa shamba, ukija kichakani.

"Njoo," alimwambia Zita. "Utakaa nyuma yangu. Usikohoe, usijikune."

Waliingia kwa nyuma na kukaa. Mbu walimuuma Zita shingoni, hakuwapiga. Miguu ilikufa ganzi. Jua liliposhuka na mabua ya ngano yakawa mekundu, baba aligusa goti lake kwa kidole kimoja. Jike alikuwa anapita na mtoto wake. Nyuma yao, akinusa ardhi na kusimama, kunusa na kusimama, akaja dume mwenye pembe ndefu. Alifika karibu na lile jiwe. Hakushtuka. Zita alifumba macho, na gobore likalia.

Jioni ile nyumba ilinukia mchuzi. Baba alituma mguu mmoja kwa Pascal na familia yake. Mama alikaa jikoni na wenzake kwa mara ya kwanza tangu arudi hospitali, akanywa supu bakuli mbili, na jasho likamtoka usoni.

"Baba," Zita alisema, "kibali kilikuwa cha swala wawili. Tumepata mmoja tu."

"Mmoja anatutosha. Kibali kinakwisha leo, kesho nitakirudisha Katesh." Kisha baba akamvuta akae karibu naye kwenye kigoda. "Zita, mwanangu, kwenda kule kila siku kulitokana na upendo, hilo nalijua. Lakini ukimpenda mtu sana, au ukikitaka kitu sana, jifunze pia kusubiri. Kitu kizuri ukikifuata bila kukipumzisha, unakichosha. Na jambo la pili ni kubwa kuliko la kwanza. Uliposema 'hapana, baba', nilianza kujiona mzee asiyefaa. Uwongo wako mdogo ulinielemea mimi. Uliposema kweli, ulinirudishia macho yangu. Ukikosea tena, na utakosea, njoo uniambie siku ileile."

"Nitakuambia, baba."

Mama alimpa Zita mtoto ampakate. Kisha akaweka mikono magotini, akainuka bila kushika ukuta, na kwenda mwenyewe kuongeza kuni.