Barua Iliyomzika Silvana

Alasiri ile pale Kizwite, mtaa wa Sumbawanga, palikuwa shwari. Silvana alikuwa uani akipeta ulezi, na mwanawe Kelvin ameketi kizingitini na simu yake. Ndugu zangu, nyumba hiyo haikuwa na ulevi wala ugomvi. Ilikuwa na kijana mwenye stashahada ya kilimo aliyekaa miaka miwili bila kazi, na mama aliyeamini kwamba siku yake itafika.

Siku hiyo ilifika kupitia simu. Kampuni moja ya mbegu ilitangaza nafasi ya mtu wa kuzunguka vijijini na wakulima wa ulezi. Lakini pamoja na vyeti, tangazo lilitaka barua ya maombi, ukurasa mmoja, mwombaji aeleze kwa nini achaguliwe yeye. Hapo furaha ikaingia nyongo.

"Andika tulivyolima kule kijijini Ilemba," mama yake alimwambia. "Andika intumba."

Intumba ni yale matuta ya duara wanayoyainua Wafipa kwa jembe, nyasi zikifukiwa ndani zioze ziwe mbolea. Kelvin aliyainua tangu utotoni. Lakini tuseme ukweli, aliona haya. Ampelekee meneja habari za jembe na matope, yeye msomi? Akajibu kwamba atajua la kufanya, akashika njia kwenda stationari ya Eustaki.

Eustaki anatoa kopi, anachapa, na kwenye kompyuta yake ana barua moja ya Kiingereza ambayo huwauzia vijana wa mtaa mzima. Unabadilisha jina na tarehe, basi. Kelvin aliisoma. Ilisema mwombaji ni mchapakazi, anajituma, anaweza kufanya kazi akiwa na msimamizi au bila msimamizi. Katikati palikuwa na mstari uliosema mama yake alifariki zamani, na kwamba amejilea mwenyewe.

"Huu tuutoe," Kelvin alisema. "Mama yangu yupo."

"Mshikaji, huo ndio unaowalainisha," Eustaki alimjibu. "Ukiutoa, unabaki na nini?"

Kelvin aliukodolea macho ule mstari. Aliwaza kwamba mama yake hajui Kiingereza, na kwamba barua ikishatumwa hairudi nyumbani. Akasema, haya, chapa. Mimi ninayesimulia naona aibu kuyaandika haya, sembuse yeye aliyeyatenda.

Wiki tatu baadaye akaitwa kwenye usaili. Silvana alikataa kubaki nyumbani. Alivaa kitenge chake cha misa ya Jumapili, wakatembea pamoja asubuhi katika ule upepo wa baridi wa Sumbawanga, naye ameikumbatia bahasha ya vyeti kama anabeba kichanga. Walipofika akaketi kwenye benchi la nje, na Kelvin akaingia kwa wasiwasi bila hata kuichukua bahasha.

Ndani walikuwa watu wawili: Justa, ambaye ndiye meneja, na mzee Kasmir, aliyekuwa bwana shamba kwa miaka mingi. Justa alianza kwa kumpa pole. Alisema na yeye alifiwa na mama akiwa bado shuleni, na mstari ule ulimgusa sana. Kelvin aliinamisha kichwa, akasema asante. Alipokea pole ya mama aliyekuwa hatua kumi tu kutoka pale, ameketi kwenye benchi akimwombea.

Kisha wakamwomba vyeti. Kelvin alipapasa mifuko bila kuona kitu, na kabla hajajieleza mlango ukagongwa.

"Hodi, wanangu. Samahani, kasahau bahasha yake."

Justa aliinuka, akamwamkia shikamoo, akampa kiti. Akamuuliza kwa heshima yeye ni nani kwa Kelvin, labda shangazi au mama mdogo.

"Ndiye niliyemzaa," Silvana alisema akitabasamu. "Sina mwingine."

Mzee Kasmir alikohoa. Kelvin alitazama sakafu. Justa aliifunika barua kwa kiganja. Alimuuliza mama kama analima, na Silvana akafunguka. Akaeleza kwamba nyasi hufukiwa mvua zikiwa bado zipo, maharage hutangulia juu ya tuta, na msimu unaofuata tuta husambazwa, mbegu za ulezi zikamwagwa juu yake. Akaeleza kwamba Kelvin akiwa na miaka tisa aliweza kunusa tu udongo akajua kama nyasi zimeshaoza.

Mzee Kasmir aliweka kalamu chini.

"Barua sitini tumesoma tukitafuta maneno haya, tukayapata katika moja tu," alimwambia Kelvin kwa upole. "Kumbe ulikuwa nayo nyumbani."

Wakaagana. Njiani Silvana alichangamka, kisha akauliza kwa nini yule binti meneja alimshika mkono muda mrefu vile huku macho yamemlowa. Kelvin angeweza kudanganya tena, lakini alishindwa. Alisimama kando ya barabara akamwambia yote, akitazama viatu vyake.

Silvana hakumgombeza. Alifunga upya kitenge chake.

"Na kaburi langu uliliweka wapi?" akauliza.

Walitembea hadi nyumbani, mama mbele, Kelvin nyuma. Kazi alipewa Luciana, binti wa Ilemba, ambaye barua yake ilielezea shamba la bibi yake.

Funzo

Vijana wetu, vyeti husema ulisomea nini. Barua ya maombi ndiyo inayomwambia mwajiri wewe ni nani, umetoka wapi, na mikono yako inajua nini. Ukinunua maneno ya mtu mwingine, unajifuta mwenyewe, na waweza kuwafuta hata waliokulea. Nanyi wazazi, waulizeni watoto wenu wameandika nini.

Mwezi uliopita Kelvin aliandika barua nyingine, yake mwenyewe. Kabla ya kuituma alimsomea mama yake kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Silvana alimsahihisha mahali pamoja tu: alianza kuinua intumba akiwa na miaka sita, si saba. Kazi bado hajapata.