Kemuma Auliza Kosa

Kila alasiri Kemuma alipeleka majani chai kwenye kituo cha kupimia, pale Birongo. Zamani hapo palikuwa na gumzo na vicheko. Siku hizi mtu mmoja alikaa pembeni na daftari, akiandika nani amesema nini. Basi wakulima wakawa wanazungumzia mvua tu, hata jua likiwaka.

Nyakundi, mumewe Kemuma, hakuweza kuishi hivyo. Jumatatu barazani aliuliza, "Mbona zahanati yetu haina dawa?" Jumanne asubuhi polisi wakamchukua. Wakamtaka asaini karatasi ya kuahidi kwamba hatauliza tena, ndipo arudi nyumbani.

Kemuma, roho mkononi, alimkimbilia jirani yake Pam, msaidizi wa sheria.

"Nimwambie asaini tu, Pam. Nyumba bila yeye itakuwaje?"

"Pole, Mama Sheila. Lakini akisaini, atarudi mwili tu. Mdomo atauacha huko."

"Sasa tufanye nini?"

"Kuuliza swali barazani si kosa. Katiba inampa kila mtu haki ya kutoa maoni. Aliyekamatwa lazima aambiwe kosa lake, kwa lugha anayoielewa. Ana haki ya kunyamaza, na ya kuongea na wakili. Halazimishwi kukiri kitu. Tena afikishwe kortini ndani ya saa ishirini na nne, au siku ya korti inayofuata kama korti imefungwa. Twende ukawaulize kosa lake."

"Mimi? Na hiki Kiswahili changu cha sokoni?"

"Hicho hicho!"

Kwenye kituo cha polisi Kemuma alienda moja kwa moja mezani. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka.

"Afande, mume wangu ameshikwa kwa kosa gani? Limeandikwa wapi?"

Afande alifungua kitabu cha matukio. Akafunua mbele, akafunua nyuma. Hakukuta kosa. Kabla ya saa tisa Nyakundi alitoka, na karatasi haikuwa na saini.

"Kalamu nilikuwa nimeishika," alikiri. "Nikasikia mtu anauliza kosa langu kwa sauti ya kuita ng'ombe. Nikajua ni wewe, nikaiweka chini."

Kemuma alicheka mpaka machozi yakamtoka. Furaha yake siku hiyo haikuwa na kifani.

Wiki iliyofuata baraza lilijaa pomoni, na mikono ilikuwa juu kila upande. Nyakundi naye akainua wake, aulize tena habari za dawa. Kemuma akamvuta shati.

"Kaa chini, Baba Sheila. Wewe ulishauliza. Leo ni zamu yangu."