Mapera ya Saa Nzima Jikoni

Kila asubuhi binti alikuta sufuria tatu jikoni: ya maji, ya maziwa na ya matunda. Mama yake, mfua mashuka wa nyumba ya wageni, alichemsha kila kitu. Mapera aliyamenya, akayachemsha saa nzima, kisha akamwaga maji yake. Kilichobaki kilikuwa rojo lisilo na harufu wala ladha. Binti alilila kama mtu anayejaza fomu.

Ilikuwa hivyo tangu mdogo wake afariki kwa kuhara, mwaka mmoja uliopita. Siku ya mazishi watu walilia. Binti aliyatafuta machozi, akayakosa. Baba, dereva wa lori, aliporudi safarini alikula, akaondoka tena.

Shuleni walimbandika jina la Sufuria.

"Sufuria, leo mmechemsha nini?" msichana aliyekaa naye dawati moja aliuliza. "Kijiko?"

"Kijiko kilikuwa jana."

Msichana yule alicheka, kisha akautazama mguu wa mwenzake. "We, hicho kidonda bado tu? Mwezi mzima sasa. Watakukata mguu, shauri yako."

Binti alikitazama kidonda kama cha mtu mwingine. Alijikwaruza kwenye lango la shule, na hakikufunga. Mikono yake ilikuwa imeparara kama msasa na kujaa vidoa vyekundu. Akipiga mswaki, fizi zilitoka damu. Hakumwambia mtu. Mama alikuwa na yake ya kutosha.

Mwalimu wa darasa alipokiona kidonda, alimwandikia mama barua, na kesho yake mama akampeleka zahanati. Muuguzi, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi, alikagua mguu, mikono na fizi.

"Unakula matunda, mwanangu?"

"Mapera kila siku," mama aliwahi kujibu.

"Nimemuuliza yeye, dada."

Binti alimtazama mama. Mama alikwisha kumwonya kwamba ya jikoni kwao yasitoke nje. Tena alijua kuwa akisema, mama atasikia kosa limetoka mikononi mwake mwenyewe.

"Kama matunda anakula, basi hiki ninachokiona sikielewi," muuguzi alisema, akichukua kalamu. "Nitawaandikia hospitali kubwa."

"Tunayachemsha," binti alisema. "Saa nzima. Maji tunamwaga. Mboga pia."

Mama alipakata mkoba wake. "Mdogo wake alikufa kwa tumbo," alisema, kwa sauti ya mtu anayesoma bili ya umeme.

Muuguzi aliweka kalamu chini. "Pole sana, dada. Maji ya kunywa endelea kuyachemsha. Lakini vitamini C haivumilii moto mrefu, na inayosalia unaimwaga na maji. Mwili huitumia kutengeneza nyuzi zinazoshikilia ngozi. Ikikosekana, kidonda hakifungi na fizi zinavuja damu. Ugonjwa huu ni kiseyeye. Pera lililoiva, lisilopitia motoni, lina vitamini hiyo nyingi kuliko chungwa. Na ganda lake liliwe."

"Na uchafu?"

"Uchafu unakaa juu ya ganda na mikononi. Nawa kwa sabuni. Osha tunda kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Likate, mle palepale."

Alisafisha kidonda, akatoa na vidonge vya vitamini hiyo.

Nyumbani mama aliosha pera mara mbili, akalitazama, akaliosha mara ya tatu. Binti alitafuna. Harufu ilimpanda puani, mbegu zikakwama menoni. Siku mbili mama alimuuliza kila saa kama tumbo linauma. Halikuuma. Baada ya wiki fizi ziliacha kutoka damu. Mwezi ulipokwisha, kidonda kilikuwa kimefunga.

Jioni moja mama alipitisha kidole gumba juu ya kovu.

"Niliogopa, nikaacha kuuliza," alisema. "Mtu akiogopa jambo, mwanangu, amwendee anayelijua, asikae nalo peke yake akabahatisha. Na wewe usinifiche ugonjwa wako ili nisihuzunike. Huzuni naiweza. Nisilolijua ndilo lililotaka kukuumiza."

"Sawa, mama."

Kilibaki kipande kimoja cha pera kwenye sahani. Mwaka mzima mama hakuwa ameonja tunda lisilochemshwa. Alikichukua, akakigeuza upande huu na huu, akakila na ganda lake.