Taa Inawaka, Kazi Haiendi

Thuwaiba alifungua duka, akafagia, akakunja kitambaa cha kufuma kilichofunika kompyuta. Yeye na mumewe Hilal walikuwa na duka la kuchapa huko Usagara. Ni miaka ile biashara huria iliporuhusiwa nchini, kompyuta za mtumba zikaanza kushuka bandarini kama mashati.

Mzee Mwinyijuma wa Pongwe alikuwa ameshakaa kwenye benchi. Alingoja kadi za harusi ya bintiye azigawe msikitini baada ya sala ya Ijumaa, na Ijumaa ndiyo hiyo.

Thuwaiba akaiagiza kompyuta ichape. Kompyuta ikajibu kwamba hakuna printa. Na printa iko pale pale, taa yake inawaka!

Hilal akaja juu. Akachomoa waya, akauchomeka tena. Akaipiga printa kofi.

"Umeiharibu," aling'aka. "N'shakwambia usiguse usichokijua. Kuanzia leo ukae nyumbani. Nitamleta mtu anayeijua kazi."

Aliyasema hayo mbele ya mteja. Damu ilimchemka Thuwaiba. Kibodi ile alijifundisha mwenyewe, herufi kwa herufi, na sasa anafukuzwa kwa kosa ambalo hata halijajulikana.

"Baba Tuhfa, sikuiharibu," alisema. "Na hapa siondoki mpaka nijue ina nini."

Akatoka kumwita jirani yao Rabab, mke wa Taizoon muuza vipuri. Rabab ndiye aliyetunza kompyuta za duka lao.

"Jana umeme ulikatika?" Rabab aliuliza.

"Ulikatika tukiwa tunachapa."

"Basi sikilizeni. Ndani ya kompyuta mna programu zinazofanya kazi kimyakimya. Kwenye kioo huzioni. Zinaitwa huduma. Moja inapokea kazi zenu na kuzipeleka kwenye printa. Hiyo ikisimama, kompyuta haiioni printa, hata mkiipiga makofi mpaka magharibi."

Hilal alitazama pembeni. "Lakini kompyuta inawaka."

"Mlango wa Mzee Mwinyijuma ukiwa wazi, utasema yumo? Si unapiga hodi kwanza, usikie karibu?"

"Mimi ukiingia bila hodi tutagombana," alisema mzee.

"Basi na huduma tuipigie hodi. Kaa, Thuwaiba, uandike mwenyewe."

Thuwaiba akaandika, akalihifadhi faili kwa jina hodi.bat:

net start | find "Spooler"
if errorlevel 1 goto imelala
echo Huduma iko kazini
goto mwisho
:imelala
net start Spooler
:mwisho
pause

"Mstari wa kwanza unataja huduma zote zilizo kazini," Rabab alieleza, "kisha unatafuta humo jina la huduma ya printa, yaani Spooler. Wa pili unasema, jina likikosekana, ruka mpaka palipoandikwa imelala. Hapo huduma inaamshwa. Neno la mwisho linazuia dirisha lisijifunge kabla hujasoma. Ila ikilala kila siku, usiishie kuiamsha tu. Tafuta kinachoilaza."

Thuwaiba akalifungua faili. Jina halikuonekana. Huduma ikaamshwa. Akaagiza kuchapa, na kadi zikaanza kutoka, moja baada ya moja.

Hakutabasamu. Alimgeukia mumewe.

"Baba Tuhfa, umenitukana mbele ya mzee. Niombe radhi mbele yake."

Hilal akajitia kupanga karatasi zilizokwisha pangwa. Mzee Mwinyijuma alikuwa na kadi zake zote mkononi. Badala ya kutoka, akarudi kwenye benchi, akaketi.

"Mimi sina haraka," alisema. "Adhana bado. Ila hasira za mkizi, tijara ya mvuvi. Mngeendelea kugombana, kadi hizi ningezichapisha duka la pili."

Hilal akashusha pumzi. "Nimekosa, Mama Tuhfa. Hukuiharibu. Kazi ni yako."

Tangu siku hiyo Thuwaiba alifungua hodi.bat kila asubuhi kabla ya mteja wa kwanza. Kazi hazikulala tena, na Mzee Mwinyijuma akawaleta jamaa zake wa Pongwe.

Mchana mmoja, baada ya umeme kukatika na kurudi, ujumbe ule ule ukatokea. Hilal aliinua mkono juu ya printa, kisha akaushusha.

"Mama Tuhfa," akaita, "njoo uipigie hodi."

"Ipigie mwenyewe," akajibu Thuwaiba. "Kwa kidole."