Tanuru Lililoliwa Upande Mmoja

Kila adhuhuri Okdan alimpelekea baba yake bakuli la wali wa shayiri na figili zilizotiwa chumvi. Baba alikuwa akikanyaga mvukuto wa kupulizia moto katika tanuru la chuma la bonde la Dalcheon. Mila ilikataza mwanamke kuvuka kamba ya majani ya mpunga iliyolizunguka tanuru. Kwa hiyo msichana huyo wa miaka kumi na miwili aliliweka bakuli nje ya kamba, penye mteremko ambao wapakiaji huupanda kwenda kumwaga makaa mdomoni mwa tanuru, akaita, akarudi zake.

Mchana mmoja, Okdan akiwa ndiyo kwanza ameweka bakuli, ukuta wa tanuru ulitoboka. Chuma kilichoyeyuka kikamwagika kabla ya wakati wake, kikagandia matopeni. Hakuna aliyeumia, lakini kazi yote iliharibika. Kabla moshi haujatulia, Maengho, aliyekuwa akimwaga makaa na mawe ya chuma kutoka juu, alikwisha kumpata mkosaji.

"Huyu hapa kavuka kamba," alisema akimnyooshea Okdan kidole. "Nimemwona mimi. Roho wa tanuru hapendi sketi."

Wenzake wakanong'ona, mmoja akamwambia baba kwamba heri angefuga mbuzi kuliko binti. Fundi mkuu, Mzee Guk, akatamka kwamba baba angeachishwa kazi. Baba akainama, akaanza kuomba radhi. Hilo lilimchoma Okdan kuliko uongo wenyewe.

"Baba, usiombe radhi," alisema kwa hasira. "Sikuvuka. Halafu, Mzee, mimi husimama huku mteremkoni. Mbona tundu liko kule ng'ambo?"

Maengho alimwamuru anyamaze, ila neno lilikwisha kumwingia Mzee Guk. Aliagiza tanuru liachwe lipoe, kisha libomolewe.

Lilipobomolewa, kila mtu aliona. Upande wa mteremko mawe ya chuma yalikuwa yamegandamana, nusu mabichi, kama ukoko wa wali chunguni. Upande wa pili kandiko la udongo lililofunika ukuta kwa ndani lilikuwa limeliwa hata likawa jembamba kama kaka la yai. Mzee Guk akaeleza kwamba mawe yalikuwa yamerundikwa upande mmoja na makaa yakabingirikia upande wa pili. Moto, ambao hufuata njia nyepesi, ukapita penye makaa matupu na kuutafuna ukuta. Akamgeukia Maengho.

"Ulikuwa unauzunguka mdomo wa tanuru, au unamwaga hapohapo unapofikia?"

Maengho akajikuna shingo. "Kule ng'ambo moshi unachoma macho, Mzee. Nikajua yatajisambaza yenyewe."

"Na uongo wako, nao ulijua utajisambaza wenyewe?"

Uvivu hauna haya, lakini siku hiyo ulipata. Maengho alikiri kwamba hakumwona Okdan akivuka, akainama mbele yake na mbele ya baba yake. Alipewa kazi ya kukanda udongo wa kandiko jipya, naye baba akarudishwa kwenye mvukuto.

Okdan hakutabasamu. Aliuliza kwa nini yeye alihukumiwa kwanza, ukuta ukachunguzwa baadaye.

"Kwa sababu kumlaumu mtoto ni rahisi kuliko kubomoa ukuta," Mzee Guk alijibu. "Hapo nami nimekosa, mwanangu. Nanyi wengine sikieni. Anayetupa mzigo upande mmoja ili kujipunguzia hatua, humwangamiza aliye upande wa pili. Zungukeni tanuru lote, hata penye moshi. Na atakayekosa, aseme yeye mwenyewe, asimtafute mnyonge wa kumbebesha."