Meno ya Mzee Mavura

Mkonofundi, roboti ya kutengeneza magari, uliinama juu ya injini ya petroli yenye umri wa miaka mia moja na kumi, ukaanza kufunga feni mbili za umeme mbele ya rejeta. Joto la Dodoma lilikuwa limefika nyuzi arobaini na sita; feni ya zamani, ile ya kuzungushwa na mkanda, isingeipoza injini hiyo hata kwa mtaa mmoja. Mkonofundi ulikuwa na vidole kumi vya chuma, kichwa haukuwa nacho. Kazi ya asubuhi nzima uliimaliza kwa dakika kumi, na mhandisi Nyamizi, msimamizi wake, kwa kawaida hakuwa na la kufanya ila kutazama.

Leo aliona jambo. Kila ulipotaka kumenya waya, mkonofundi uliuinua juu, ukaushika hapo hewani, ukauvuta kwa nguvu, kisha ukaushusha vilevile na ganda lake. Ndipo ulipotumia kisu. Sekunde tatu zilipotea bure. Nyamizi, mtu wa kufuata taratibu kupita kiasi, akabonyeza kitufe cha kasoro na taarifa ikaenda kwenye kiwanda kilichouunda mkonofundi na kumwajiri yeye.

Kwenye benchi la wateja, Mzee Mavura, mwenye gari, alianza kulia. Mikono yake ililala mapajani chini ya kanga ya mkewe, Bi Sikudhani, haisogei.

"Kuna nini, mzee wangu?" Nyamizi aliuliza.

"Huyo ni mimi, mwanangu." Akafunua mdomo. Meno mawili ya mbele yalikuwa yamelika. "Mafundi wa zamani tulimenya waya kwa meno. Koleo iko mfukoni, lakini nani ana muda wa kuitoa?"

Bi Sikudhani alieleza mengine. Kiwanda kilimvalisha mumewe glavu-nukuzi, zinazosoma mishipa ya fahamu ili kunakili ufundi wa mikono. Baada ya wiki sita mikono ikafa. Kiwanda kikakana: hakijapata kumnakili mtu, mashine zake zimejifunza kwa hesabu tupu. Baraza la usuluhishi lilitaka ushahidi ifikapo Alhamisi.

"Magari ya siku hizi hayana waya wa kumenya, ndiyo maana tumelileta hili la zamani. Umejionea mwenyewe, mwanangu. Turekodie hiyo feni ya pili," akamwomba Nyamizi.

Nyamizi akawasha kamera. Mkonofundi ukachukua waya, ukauinua kidogo, ukasita. Ukaushusha. Ukatumia kisu.

Ubao wa ukutani ukaandika: KASORO IMEREKEBISHWA KATIKA MASHINE ZOTE. TAARIFA IMEFUTWA. ASANTE, NYAMIZI.

"Nimewaponza," alisema. "Ni mimi niliyeripoti."

Aliona aibu, akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Umebaki waya mmoja," Mzee Mavura alisema. "Nipeni mimi."

Bi Sikudhani akamwinulia waya hadi mdomoni. Mzee akauma, akavuta kichwa nyuma, shaba ikatoka safi. Nyamizi alihesabu bila kukusudia: sekunde tatu.

"Alhamisi nitakuja barazani kusema nilichokiona," alisema.

"Watakufukuza kazi."

"Najua, mama."

Akauunga ule waya kwa mikono yake mwenyewe, akawasha gari. Feni zote mbili zikazunguka, upepo ukavuma juu ya injini. Bi Sikudhani akamsogeza mumewe karibu, akaondoa kanga, akaiinua ile mikono na kuiweka kwenye upepo.

"Unausikia, baba Nasra?"

Mzee alifumba macho.

"Usoni," alisema. "Usoni nausikia."