Nani Alikata Migunga ya Bustani

Siku ya Jumapili bustani ya umma ya Kiritiri hufunguliwa saa saba, watu wakishatoka kanisani. Jumapili hiyo Muthoni, meneja wa bustani, alifungua kufuli, akasukuma lango, kisha akasimama papo hapo na kuwazuia watoto kwa mikono miwili. Migunga yote iliyokuwa ikitia kivuli bembea ilikuwa imelala chini. Majani yalikuwa bado mabichi.

Inspekta Zuleka Jamaldin alipofika kutoka kituoni, nusu ya mji ilikuwa imeshaingia ndani na kukanyaga kila kilichofaa kuangaliwa. Wanabodi wawili wa bustani, Gitobu muuza mbegu na Marcella mwalimu wa chekechea, walikuwa wamesimama kando kama wageni wa harusi wanaongoja kuonyeshwa viti.

"Nani aliruhusu watu kuingia hapa?" Zuleka aliuliza.

Walitazamana.

"Afande, hiyo swali ni ya mwenyekiti," Gitobu akajibu.

"Na mwenyekiti yuko wapi?"

"Anakuja."

"Basi watoeni watu."

"Hiyo pia ingefaa ipitie kwa mwenyekiti," Marcella akasema kwa upole, na Zuleka akakasirika. Alikuwa amefanya kazi na bodi hiyo tangu aletwe Kiritiri kutoka Embu mjini. Mwaka uliopita mtoto alipovunjika mkono kwenye bembea, ilichukua mwezi mzima kupata mtu wa kuandikisha taarifa, kwa sababu mwenyekiti alikuwa safarini.

Aliwafukuza watu mwenyewe, kisha akazunguka bustani. Kufuli lilikuwa zima. Uzio ulikuwa mzima. Vumbi la mbao lilionyesha kwamba miti ilikatwa kwa msumeno wa injini. Na magogo yote yalikuwepo. Jambo hilo lilimsumbua, maana huku Mbeere mtu hakati mgunga bila kufikiria makaa, na mwenye msumeno wa injini hakosi pikipiki ya kubebea mali. Hapa hakuna hata tawi lililoondolewa.

Juu ya kisiki kimoja nyuki walikuwa wakizunguka hewani, wamechanganyikiwa, wanatafuta kitu ambacho hakikuwepo. Zuleka aliwafuata kwa macho mpaka kwenye mti mdogo karibu na uzio. Mzinga wa gogo ulikuwa umewekwa kwenye panda ya mti huo, umefungwa kamba vizuri, mdomo wake ukielekea mashariki. Chini yake palikuwa na jivu la mavi ya ng'ombe, bado na uvuguvugu.

"Huu mzinga ni wa nani?" alimuuliza Muthoni.

"Wa Salesio, mlinzi wetu. Ulikuwa juu ya ule mti mkubwa."

"Nani ameuhamisha?"

"Sijui. Mimi ni wa Kibugu, Afande, tumezoea majani chai. Nyuki nikiwasikia tu nakimbia."

Kesi ya kwanza ya Zuleka hapa Kiritiri ilikuwa ya ndugu wawili waliopigana mapanga. Mmoja alikuwa ameangusha mti wenye mzinga wa mwenzake. Yule aliyekosewa alisema angeweza kusamehe shamba, lakini mzinga hapana. Wazee walipoitwa, hakuna hata mmoja aliyeona ajabu. Zuleka aliuangalia tena ule mzinga, na jinsi kamba zilivyofungwa.

Mwenyekiti alifika saa tisa. Mwalimu Muchangi, mwalimu mkuu mstaafu, mtoto wa Mbeere hasa, ndiye aliyepigania uwanja ule usigawanywe viwanja vya maduka, na tangu hapo hakuna mtu mwingine aliyewahi kukalia kiti chake. Aliwasalimu wote kwa mdomo, mikono mifukoni.

"Mnisamehe, sitawapa mkono. Nina mafua, nisije nikawaambukiza." Kisha akaitazama miti, akatikisa kichwa kwa muda mrefu. "Sitaki maneno mengi. Kesho saa nne, kikao cha dharura. Madam Muthoni ajitayarishe. Bustani imemshinda, na huenda ameiuza."

"Nimeuza nini, Mwalimu?" Muthoni alisema. "Magogo si haya hapa?"

"Utajibu kesho, kupitia kwa kiti."

Zuleka alimchukua Muthoni hadi ofisi ya bustani. Msichana wa watu alikaa akautazama mlango kama anayengoja kuitwa hukumuni. Alikuwa ameacha kazi nzuri nyumbani ili aje ajenge bustani mahali ambapo hata nyasi ni za kubembeleza. Akifukuzwa kwa wizi, hakuna ofisi ya umma itakayompokea tena maishani mwake. Yeye alilijua hilo, na Zuleka pia.

"Funguo za lango ziko kwa nani?"

"Moja yangu, moja ya Salesio, na moja ya mwenyekiti."

"Mwenyekiti ana ufunguo wa nini? Yeye ndiye anafagia?"

Muthoni akacheka bila furaha. "Hata Madam Kathambi aliuliza hivyo. Huyo ndiye nilimleta kutoka Meru juzi kufundisha bodi. Aliwaambia kazi ya bodi ni kuweka sera na kusimamia, si kushika funguo na kuwatuma wafanyakazi. Akasema mwenyekiti ana vipindi vyake, vikiisha anapisha. Mwalimu vipindi vyake viliisha zamani. Uchaguzi tuliuweka Ijumaa hii."

"Alisemaje?"

"Alimshukuru sana. Ufunguo hakurudisha."

"Na wewe asubuhi ulikuwa wapi?"

"Ibada zote mbili. Napiga kinanda, nimewapa watu mgongo."

Salesio alikuwa rahisi. Mke wake alikuwa amejifungua Embu Jumamosi, naye alilala huko. Muuguzi wa zamu alithibitisha kwa simu, akaongeza kwamba huyo baba anasumbua wodi nzima kwa maswali, na ufunguo ameuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Zuleka alipomwambia kuhusu miti kwa simu hiyo hiyo, Salesio aliuliza jambo moja tu.

"Na mzinga wangu?"

"Uko salama. Umewekwa kwenye mti mwingine."

"Mungu ambariki aliyeuhamisha," Salesio akasema.

Kufika jioni mji mzima ulikuwa umeshapata mhalifu wake. Alikuwa Abdulatif, mchinjaji, mwanabodi wa nne. Sababu zilikuwa mbili: aliwahi kuomba mahali pa kuchomea nyama pale pale penye migunga, na asubuhi ile, watu wote wakiwa kanisani, yeye hakuwa kanisani.

"Afande, mimi niende kanisani kufanya nini?" Abdulatif alisema, akifuta kisu kwa aproni. "Nilikuwa hapa. Uliza wateja."

"Watasema walikuwa kanisani."

"Basi nimekwisha!" Akacheka, kisha akaona Zuleka hacheki. "Msumeno nilisikia. Saa tatu hivi. Nikafikiri ni mafundi wa mbao. Mahali ya nyama niliomba, ni kweli. Lakini niliomba kwa sababu ya kivuli, Afande. Nani atakula nyama kwa jua ya Kiritiri?"

"Bodi ilikujibu nini?"

"Ati ipitie kwa mwenyekiti. Bado inapitia."

Zuleka alimwamini, na hilo halikumsaidia kitu. Alirudi kituoni amekasirika. Mtu mwenye ufunguo. Mtu asiyetaka makaa wala mbao. Mtu anayeweza kushika mzinga wenye nyuki, na kuushika mchana, maana wale nyuki wanaozunguka kisiki walikuwa wametoka kutafuta maua wakati nyumba yao inahamishwa. Warina asali hushughulika na nyuki giza likiingia, wakiwa wametulia. Anayewagusa saa tatu asubuhi ataumwa tu, hata awe fundi kiasi gani.

Alipata jibu lake mapema, na ndilo lilimkera zaidi. Kulithibitisha kulihitaji wanabodi wamtaje mwenyekiti wao.

Kesho yake asubuhi alimpata Gitobu dukani kwake.

"Mwalimu Muchangi alikuwa kanisani jana?"

"Ai, Afande! Mwalimu ni mzee wa kanisa. Hawezi kosa."

"Ibada gani?"

"Hiyo ya pili. Mimi naenda ya kwanza, na ya kwanza hakuwa."

Marcella naye, ambaye huimba kwaya ya ibada ya pili, alijibu bila kusita kwamba mwenyekiti alihudhuria ya kwanza, kwa sababu ya pili hakumwona. Kila mmoja alikuwa amemjazia mwenzake nafasi. Hakuna aliyemwona Mwalimu Muchangi kanisani, na hakuna aliyefikiri kwamba anaweza kuuliza.

Jumatatu saa nne ukumbi mdogo wa bustani ulikuwa umejaa joto. Gitobu alifungua kwa maombi. Mwenyekiti alikaa mbele, mikono chini ya meza. Muthoni aliketi peke yake upande wa pili.

"Ajenda ni moja," Muchangi alianza. "Meneja. Na kwa kuwa bodi iko kwenye dharura, ule uchaguzi wa Ijumaa hauwezekani. Hakuna nyumba inayobadilisha baba ikiwa inaungua. Nani anaunga mkono?"

Mkono wa Gitobu ulikuwa tayari njiani.

"Ngojeni kidogo," Zuleka akasema kutoka mlangoni.

"Afande, utaongea kupitia kwa kiti."

"Kiti ndicho nimekuja kuongea nacho." Akaingia. "Mwalimu, jana hatukusalimiana vizuri. Nipe mkono."

"Nilisema nina mafua."

"Hujakohoa hata mara moja tangu jana. Nipe mkono."

Zuleka alikaa na mkono wake umenyooshwa juu ya meza, mbele ya wote. Huku mtu mzima hamwachi mwenzake na mkono hewani, na kila aliyekuwepo alianza kuona aibu kwa niaba ya Mwalimu. Mwishowe Muchangi akatoa mkono wa kushoto. Zuleka hakuupokea. Ndipo ukatoka wa kulia, umevimba mpaka vidole havikunjiki.

"Nyuki," Zuleka akasema.

"Nina mizinga nyumbani. Ni kosa?"

"Hapana. Lakini funguo za lango ni tatu, na lango halikuvunjwa. Salesio alikuwa Embu na ufunguo wake uko shingoni. Muthoni alikuwa kwenye kinanda, kanisa zima linamwona. Wewe Gitobu anasema ulikuwa ibada ya pili, Marcella anasema ya kwanza. Waulize hapa hapa, Mwalimu, nani alikuona kwa macho yake."

Hakuuliza. Gitobu na Marcella walitazamana, na Marcella akafunika mdomo.

"Aliyekata miti hakutaka hata kijiti kimoja," Zuleka aliendelea. "Alitaka tu ianguke, na iangukie siku za meneja huyu. Mtu mwingine angeacha mzinga uanguke na mti, au angeuchoma. Huyu aliuteremsha kwanza, akaufukiza moshi, akauelekeza mashariki kama ipasavyo. Mchana kweupe, bila glavu. Kwa nini, Mwalimu?"

Muchangi akaurudisha mkono wake chini ya meza. Alipojibu, alijibu kama aliyetukanwa.

"Sasa ulitaka niue mzinga wa Salesio? Mimi ni mtu gani? Wale vijana wa msumeno kutoka Mitunguu walitaka kuangusha tu. Nikawaambia hapana, mali ya mtu haiguswi."

"Na migunga si mali ya mtu?"

"Migunga ni yangu!" Alipiga meza kwa mkono ule mbovu, akakunja uso kwa maumivu. "Wakati wanasiasa wanataka kugawa hapa, nani alilala kwenye lango? Huyu msichana? Leo analeta mwanamke kutoka Meru kunifundisha kiti changu. Ati vipindi. Ati rudisha ufunguo. Mwenyekiti bila ufunguo ni mwenyekiti wa nini? Nilitaka waone bustani bila mimi inakuwaje. Kukiwa na shida, watu hushika aliye na uzoefu."

"Na Muthoni aharibikiwe maisha?"

"Angepata kazi kwingine. Bado kijana."

Muthoni aliinamisha kichwa. Hakulia. Abdulatif ndiye aliyetoa sauti, neno moja la Kimeru lisilofaa kuandikwa.

Zuleka alimwambia Mwalimu anamkamata, akamruhusu avae kofia yake. Alijua kazi yake imekwisha, lakini alisimama kidogo mlangoni. Alitaka kusikia jinsi watakavyomwomba Muthoni radhi. Alidhani anastahili kusikia hilo.

Kisha Gitobu akasafisha koo.

"Mimi napendekeza. Kwa vile mwenyekiti amepatwa na tatizo, huo uchaguzi tuuahirishe mpaka kesi yake iishe."

"Naunga mkono," Marcella akasema haraka, kama aliyepata pa kushika.

"Na meneja?" Abdulatif akauliza.

"Meneja aendelee na kazi, kwa sasa. Mengine tutangoja Mwalimu akitoka kwa dhamana, atuelekeze."

Mikono miwili ikainuka. Abdulatif alibaki mmoja, anawatazama wenzake kama mtu aliyepotea kwenye mji wake mwenyewe. Muthoni aliinuka, akaweka ufunguo wake wa lango mezani, akapita katikati yao bila kumuaga yeyote. Hakuna aliyemwita. Zuleka alimwita alipompita mlangoni, naye akatikisa kichwa tu, akashika njia ya stendi.

Mwalimu Muchangi alikuwa ameona yote. Uso wake, ambao tangu asubuhi ulikuwa umekakamaa, ulilegea.

"Umewaona?" alimwambia Zuleka. "Nilikuambia. Hawawezi."

"Uliwafundisha wewe," Zuleka akasema, na hasira zilimpanda hata akashindwa kupata mahali pa kumshika ule mkono uliovimba. Mwishowe akamshika begani, wakatoka.